Ufunguzi wa Mgeni Njoo

Alikuwa amepiga magoti mwisho wa korido, mwiko wa meno mkononi, akitandaza gundi kwa mistari iliyonyooka kama matuta ya mkulima asiye na haraka. Akabandika kigae, akakigonga mara mbili kwa nyundo ya mpira, akaweka pimamaji juu yake na kungoja. Tone la hewa lilikimbilia kushoto, likarudi, likatulia katikati. Ndipo akakubali kwamba kigae kimekaa. Kwa tabia hiyo ya kungoja, wenzake walimbandika jina la Pimamaji, na jina likamfuata hadi nyumbani. Mkewe alikuwa akisema kwamba mume wake hawezi kukiri kuwa chai ina sukari mpaka aikoroge mara mbili.

Jumatatu hiyo, hata hivyo, tone lake la ndani lilikuwa limekataa kutulia.

"Hebu niambie, Pimamaji," fundi mwenzake alisema, akiwa amekalia ndoo na kukata vigae vya ukingoni. "Jumamosi ulifungwaje? Mimi nilitoka kununua maji tu, narudi nakuta umeshikwa koo."

"Nilifungwa kama watu wanavyofungwa."

"Na Stoo? Mtu anayehesabu misumari?"

Pimamaji akabandika kigae kingine. Mashindano ya sataranji ya wafanyakazi yalikuwa yamefika fainali, na fainali ilikuwa michezo miwili, Jumamosi mbili mfululizo. Miaka miwili iliyopita alikuwa ametoka wa pili. Safari hii alikuja na ufunguzi ambao hakuwahi kuutumia mbele ya watu. Alifundishwa na baba mkwe wake, kinyozi mstaafu, na mzee mwenyewe ndiye aliyeupa jina: Mgeni Njoo. Unasukuma askari wa mfalme, kisha katika hatua ya pili unamtoa askari wa jirani yake aliwe bure. Mgeni anakula. Halafu unamwachia na farasi, naye anakula pia. Akishashiba unafunga mlango, na malkia ndiye komeo.

Stoo, mtunza stoo wa kampuni, aliyekuwa na kalamu ya buluu sikioni hata kwenye harusi, alimtazama yule askari wa hatua ya pili kwa muda mrefu. Hakumla. Alisukuma askari wa mbele ya malkia wake, akainama mezani na kusema taratibu, "Asante, mwenyeji. Leo mgeni haingii."

Hayo ndiyo maneno yaliyomfunga. Kufungwa kwenyewe kulikuja hatua thelathini baadaye, lakini pale ndipo alipokufa. Mtu anaweza kukataa chambo kwa akili yake. Jina hawezi kuliotea. Na jina hilo lilijulikana na watu watatu, na wote watatu walilala chini ya bati moja.

Mchana, wenzake walipokwenda kula, alibaki peke yake na mkate wake. Akachukua kigae kilichovunjika, akakigeuza mgongo, akatoa penseli. Mgongo wa kigae haujang'arishwa. Unashika penseli kuliko daftari. Akaandika ufunguzi mwingine kabisa, wa upande wa malkia, hatua saba, polepole. Hakukusudia kuucheza. Alikuwa anatengeneza mtego, na mtego, kama sakafu, lazima upangwe kabla ya kubandikwa.

Jioni alikusanya zana, akabeba ndoo ya vigae vilivyovunjika hadi stoo. Ndiyo ilikuwa sheria ya kampuni: kigae hata kikivunjika kinarudi, kisije kikatoka getini kikiwa kizima. Stoo alivimwaga mezani na kuvihesabu kipande kwa kipande.

"Sita. Weka saini hapa." Akamtazama usoni. "Mbona umenuna? Sataranji ni mchezo tu, ndugu yangu."

"Sijanuna."

"Haya. Nani kasema umenuna?"

*

Chumba chao cha mbele kilikuwa sebule mchana na chumba cha mzee usiku; pazia la maua lilikigawa. Upande huu wa pazia palikuwa na meza ndogo, na juu ya meza ubao wa sataranji ambao haukuwahi kuondolewa tangu mzee ahamie, miezi minane iliyopita. Kabla ya hapo alinyoa watu miaka arobaini, na mikono ilipoanza kutetemeka akaacha mwenyewe, kabla hajamkata mtu sikio.

"Karibu, mwanangu. Pole na kazi."

"Nimeshapoa, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo tumtazame huyu Stoo wako. Nimefikiri kutwa nzima."

Pimamaji alikaa. Aliona kitu alichokuwa amekiona wiki nzima bila kukitilia maanani: miwani. Ilikuwa mpya, fremu nyeusi, vioo visivyo na mkwaruzo. Mzee hakuwa na kazi wala pensheni. Sabuni ya kuogea alinunuliwa na binti yake.

"Miwani mizuri, baba. Umeipata wapi?"

Mzee aliivua, akaipangusa kwa ncha ya shati ingawa haikuwa na vumbi. "Mtu na riziki yake," alisema. "Haya, weka kete."

Ndivyo anavyojibu mtu msafi? Pimamaji aliweka kete huku akijiuliza. Kisha akatega.

"Baba, nimebadili mawazo. Jumamosi nitafungua upande wa malkia." Akamwonyesha hatua zote saba, moja baada ya nyingine, kama alivyoziandika.

Mzee alizitazama. "Sio mbaya. Lakini hiyo si wewe. Unacheza kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima."

"Ndizo nitakazocheza. Tusimwambie mtu."

"Nimwambie nani?" Mzee akacheka. "Bibi wa maandazi?"

Pimamaji hakucheka. Upande wa pili wa chumba mkewe, aliyekuwa akipasha moto chakula, aligeuka na kumtazama. Alifanya kazi kwa dobi, kupiga pasi mashati ya watu tangu asubuhi, na alikuwa na jicho la kuona kunyanzi mahali ambapo mwingine huona nguo iliyonyooka.

*

Jumanne fundi mwenzake alimwambia, bila nia yoyote, kwamba siku yake ya kupumzika wiki iliyopita alimwona baba mkwe wa Pimamaji kwenye benchi la nje ya duka la kinyozi, amekaa na Stoo. "Wanaongea kama mapacha," alisema. Pimamaji alikigonga kigae mara tatu badala ya mbili, na kona ikameguka.

Jumatano alipokwenda kuchukua gundi, Stoo alikuwa anaandika kwenye leja. Hakuinua kichwa.

"Naona umehamia upande wa malkia," alisema.

Pimamaji alisogea karibu na leja. "Nani kakwambia?"

"Ah, habari zinatembea." Stoo akacheka, akamsukumia mfuko wa gundi. "Saini hapa. Lakini ni pazuri, upande huo. Pana kivuli."

Basi ilikuwa imetimia. Mtu mmoja tu aliambiwa, na siku ya pili neno limefika. Alirudi koridoni, na mchana kutwa alibandika vigae bila kuona anachobandika. Aliyapanga mambo kama anavyopanga vigae vikavu kabla ya kupaka gundi: jina, benchi, miwani, upande wa malkia. Vyote vilikaa. Hakukuwa na hata kimoja cha kukata. Na kumwambia mzaa chema neno kama hilo ni mwiko; unaweza kumkopa, unaweza kumzika, lakini huwezi kumwita msaliti mezani kwako. Ule msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ambao miezi minane haukuwahi kumjia, ulimjia siku hiyo mara tatu.

Alipofika nyumbani mzee alikuwa ametoka kunyoosha miguu. Pimamaji alichukua kitambaa cha meza, akaufunika ubao, akakichomeka kingo zote nne kama mtu anayetandika kitanda cha hospitali. Mzee aliporudi alivuta kiti chake kama kawaida, akakaa, akanyoosha mkono. Mkono ukasimama juu ya kitambaa. Ulitetemeka kidogo, lakini ulikuwa unatetemeka siku zote.

"Leo hatuchezi?"

"Nimechoka, baba."

"Kweli. Kazi yako ya magoti." Mzee akainuka, akakirudisha kiti mahali pake bila kukiburuta, akaingia nyuma ya pazia lake. Saa kumi na mbili ilikuwa haijafika.

Mkewe alingoja mpaka Pimamaji alipokwenda kunawa uani, akamfuata.

"Ule ubao una ugonjwa?"

"Ugonjwa gani?"

"Umefunikwa. Nauliza, labda unaambukiza."

"Vumbi."

"Vumbi. Ndani ya nyumba ninayoifagia mimi."

Akanawa mikono iliyokwisha kunawika. "Stoo anajua kila ninachopanga," alisema mwishowe. "Jumatatu nilisema neno mbele ya mtu mmoja. Leo Stoo ananirudishia."

"Unamwita baba yangu msaliti?"

"Sijasema."

"Hujasema. Umefunika."

"Wameonekana pamoja kwenye benchi. Na ile miwani, wewe unajua ilikotoka? Nilimuuliza, akageuza maneno."

Kwenye mkono wa kulia wa mkewe palikuwa na alama ya pasi ya asubuhi, nyekundu bado, naye akaigusa kama anayeihesabu.

"Aliuza mashine yake ya kunyolea," alisema. "Ile aliyokuja nayo kwenye boksi lake. Alikuwa anachanganya askofu na askari kwenye huo ubao wako, akaona haya kukwambia. Akaniapisha nisiseme. Anasema mwalimu kipofu ni aibu kwa mwanafunzi."

Pimamaji aliyasikia maneno hayo, na yakamchoma. Lakini shaka ni kama unyevu wa ukutani. Unaupaka rangi, unakauka, na kesho doa liko pale pale. Upande wa malkia ulimfikiaje Stoo? Kwa miwani?

"Basi nieleze hilo moja," alisema.

Kabla hajajibiwa, sauti ya mzee ilitoka ndani, tulivu, sauti ya mtu anayemwambia mteja aelekeze kichwa kushoto.

"Mama, ukipata nafasi nitolee lile begi langu. Ijumaa asubuhi nitakwenda kwa dada yako kidogo."

"Kidogo kiasi gani, baba?"

"Kidogo tu, mama."

Ukuta ule ulikuwa wa mbao. Wote wawili walijua hivyo tangu walipopanga nyumba ile.

*

Alhamisi vigae vizima viliisha ikiwa imebaki safu mbili korido ikamilike. Shehena mpya ingekuja kesho, Stoo alisema. Akamjazia ndoo vipande vilivyovunjika. "Ukingoni unakata tu, si lazima viwe vizima. Tumia hivi, viache kunijazia stoo."

Pimamaji alipiga magoti kwenye ukingo wa ukuta. Akachukua kipande, akapima, akakata. Akakigeuza mgongo kukipaka gundi.

Mwandiko ulikuwa wake.

Aliupangusa vumbi kwa kidole gumba. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, penseli ikiwa imekandamizwa kama mtu anayejivunia kitu: MGENI NJOO. Chini yake hatua, moja hadi sita, mkono wake ule ule unaopindisha tano. Na pembeni mwa hatua ya pili, pale askari anapotolewa bure, kalamu ya buluu ilikuwa imeandika neno moja: Usile.

Alikaa chini, sakafuni, juu ya sehemu ambayo gundi ilikuwa bado mbichi, na hakujali. Akaimwaga ndoo. Akageuza kipande kimoja kimoja. Cha nne kilikuwa cha Jumatatu, upande wa malkia, hatua saba, na kalamu ya buluu imeweka alama ya kuuliza mwishoni. Wiki tatu za chakula cha mchana. Alikuwa ameandika, amekula, amesahau, na jioni amebeba siri yake kwenye ndoo hadi mezani kwa adui, ikahesabiwa, naye akaweka saini.

"Vipi?" mwenzake akauliza. "Umejikata?"

"Hapana."

"Mbona umekalia gundi?"

Akainuka, suruali ikiachana na sakafu kwa shida, akashuka stoo na kipande mkononi. Akakiweka juu ya leja.

Stoo alikitazama, akamtazama yeye. "Sasa unanirudishia barua zangu?"

"Ulikuwa unasoma."

"Nilikuwa nahesabu. Kuhesabu si kugeuza?" Akaichomoa kalamu sikioni, akaonekana kweli hajaelewa. "Pimamaji, mimi nilijua unanichokoza. Nikajiambia huyu jamaa ana dharau, ananiletea mpango wake mkononi na saini juu. Ndiyo maana nikakujibu pale ubaoni, ujue barua imefika. Kumbe hukujua?"

Pimamaji alishika ukingo wa meza. "Na mzee? Mlikuwa mnaongea nini kwenye benchi?"

"Yule kinyozi? Nilimdodosa kidogo, sikatai. Nikasema, mzee, huyo mkweo anafunguaje? Akaniangalia, akaniambia ndevu zangu zimepanda upande mmoja, angekuwa na mashine yake angezisawazisha." Stoo akajipapasa kidevu. "Zimepanda kweli?"

"Kidogo," Pimamaji alisema. "Kushoto."

Aliomba ruhusa ya kutoka saa moja mapema, na kile kigae akakichukua. Safu mbili za mwisho zikabaki wazi, saruji tupu, na ndoo pembeni.

*

Begi lilikuwa mlangoni. Dogo, zipu imefungwa. Mzee alikuwa amekaa upande wake wa pazia, viatu miguuni, ingawa safari ilikuwa ya kesho. Mkewe alikuwa anapiga pasi shati jeupe la baba yake, na hakuitikia salamu.

Pimamaji alisimama katikati ya chumba na gundi iliyokauka kwenye suruali. Njia nzima alikuwa ameandaa maneno, na yote yalimtoka. Akakiondoa kitambaa juu ya ubao, akakiweka kigae pale, mgongo juu.

"Baba, naomba uje uone."

Mzee alikuja taratibu. Akavaa miwani. Akasoma kwa muda mrefu, midomo ikisogea.

"Mwandiko wako mbaya," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na hii ya buluu?"

"Ya Stoo. Vigae vilivyovunjika tunavirudisha kwake jioni."

"Ulimpelekea mwenyewe."

"Kwa ndoo. Na saini niliweka."

Pasi ilikuwa imesimama. Mzee alikigeuza kigae, akaona upande wake mweupe unaong'aa, akakigeuza tena.

"Nimekukosea, baba," Pimamaji alisema. "Nilikudhania. Sina neno jingine."

Mzee hakusema amesamehe, wala hakusema hakuna neno, kama watu wanavyosema. Alimwuliza binti yake, "Mama, basi la kesho linaondoka saa ngapi?"

"Saa tatu, baba."

"Saa tatu." Akakaa kwenye kiti chake, akakisukuma kigae kando, akaanza kupanga kete, nyeusi upande wake. Mkono ulitetemeka, lakini kila kete ilikaa katikati ya mraba wake. "Stoo ameshajua asile," alisema bila kuinua macho. "Sasa asipokula wewe utafanya nini? Hilo ndilo hukujiuliza. Ulipika kwa ajili ya mgeni anayeingia tu. Anayesimama mlangoni hukumpikia."

Pimamaji akavuta kiti. Akasukuma askari wa mfalme. Akamtoa yule wa pili. Mzee, akicheza kama Stoo, hakumla; alisukuma wa mbele ya malkia. Pimamaji akafikiri, akala. Mzee akasukuma askari mbele. Wakaenda hivyo, bila maneno, mpaka dirisha likaanza kufifia na pasi ikaanza tena kutembea, taratibu, kama ya mtu anayesikiliza. Hatua ya tisa Pimamaji alitoa farasi pembeni, mahali ambapo Jumamosi hakupaona. Mzee alisogea mbele kwenye kiti. Akakunja mikono.

Chakula kiliiva. Kililetwa. Mzee bado alikuwa anatazama.

"Zamu ya nani?" mkewe akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu kete zipangwe.

"Yangu," mzee alisema. "Pagumu hapa. Hapatatuliwi leo. Iacheni hivi hivi, nitaifikiria kesho."

"Kesho si una safari, baba?"

"Nimesema nitaifikiria kesho."

Mkewe akamtazama baba yake, kisha shati lililonyooka mkononi mwake. Hakulipeleka kwenye begi, wala hakulirudisha kabatini. Alilitundika kwenye msumari wa mlango, likaning'inia juu ya begi lililofungwa. Kile kitambaa cha meza alikiokota kitini, akakitumbukiza kwenye beseni la nguo chafu. Mumewe hakumtazama.

Pimamaji aliogopa kusahau kete zilivyokaa, maana mtu anaweza kugonga meza. Akachomoa penseli, na mkono wake wenyewe, bila kumwuliza, ukakifuata kile kigae.

Mzee akakohoa.

"Weka kichwani," alisema.